Jaketi la mvua ligeuze kwanza, uangalie ndani

Kazi yangu ni kukarabati nguo za mvua, yaani majaketi na suruali za wapanda milima, waendesha pikipiki, wapima ardhi, watu wote ambao mvua inyeshe isinyeshe wao wako nje. Kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue jaketi gani, na kabla sijajibu anaongeza, "lenye milimita ngapi?" Mi naona hilo swali linaulizwa mapema mno, na nataka nieleze vizuri kwa sababu naumia sana nikiona mtu amejinyima, kanunua jaketi la hela nyingi, halafu misimu miwili tu linajivua gamba kwa ndani kama nyoka.

Hizo milimita, yaani ile namba ya kuzuia maji inayoandikwa kwenye lebo, tuzimalize haraka. Kitambaa kinabanwa kwenye mashine, maji yanasukumwa kutoka upande mmoja, presha inaongezwa taratibu mpaka matone yatokeze upande wa pili. Ukisoma 10,000 maana yake kitambaa kilihimili presha ya nguzo ya maji yenye urefu wa mita 10. Mvua yenyewe hata ikija na upepo haina nguvu hiyo, kinachosukuma maji yapenye ni mkanda wa begi zito mabegani, au ukikalia jiwe lililolowa, au ukipiga magoti kwenye matope. Kwa watu wengi 10,000 inatosha, na kama unabeba begi zito siku nzima tafuta 20,000. Basi. Lakini kumbuka kilichopimwa ni kipande cha kitambaa, hakina mshono, hakina zipu, hakijawahi kuvaliwa na mtu anayetoka jasho, kwa hiyo namba hiyo haikuambii lolote kuhusu mwaka wa tatu wa hilo jaketi, na mwaka wa tatu ndo mi nakutana nalo mezani.

Sasa twende kwenye neno ninalolisikia kuliko yote: "linavuja". Mtu ananiletea jaketi, kakasirika, anasema limemlowesha mpaka shati. Nalipima, natafuta tundu, sehemu kubwa ya hayo majaketi sioni tundu lolote. Kilichotokea ni hiki. Jaketi la kisasa lina kitambaa cha nje cha nailoni au polista, nyuma yake kuna utando mwembamba sana ambao ndo unazuia maji, halafu ndani kuna kitu cha kuulinda huo utando. Kitambaa cha nje chenyewe hakizuii maji, kimepakwa tu dawa inayofanya maji yajikunje kuwa matone na kuteleza kama kwenye jani la yungiyungi. Hiyo dawa ikichoka au ikifunikwa na uchafu, kitambaa kinakunywa maji, kinakuwa kizito na cha baridi, na jasho lako ambalo lilitakiwa litoke kama mvuke linakuta njia imeziba, linageuka maji hapo hapo ndani. Umelowa kweli, lakini umelowa na jasho lako mwenyewe, utando mzima kabisa. Watu wanatupa majaketi mazima kwa sababu ya hili na wananunua jingine ambalo mwakani litafanya vile vile.

Kuhusu huo utando. Mwaka 1969 Bob Gore kule Marekani aligundua kwamba ukiivuta kwa ghafla plastiki ya PTFE, ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, inatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno, tone la maji haliingii lakini mvuke unapita, na kuanzia 1976 ikaanza kuuzwa kama kitambaa cha Gore-Tex. Aina nyingine ni utando wa poliyurethani, na mwingi wa huo hauna vitundu kabisa, mvuke unafyonzwa na plastiki yenyewe na kutokea upande wa pili. Zote zinafanya kazi, sitaki mtu agombane na mwenzake kwa ajili hiyo. Kinachonihusu mi ni huo utando umeshikizwaje na unalindwa na nini, maana jaketi likifa kifo cha kweli mara nyingi si kwamba utando umetoboka, ni gundi imeachia au plastiki imeoza.

Ndo maana nasema ligeuze. Ukilipindua ukaona bitana inaning'inia yenyewe, hilo ni la tabaka mbili, linavalika vizuri mjini ila zito, na bitana ikilowa inachelewa kukauka. Ukiona plastiki iko wazi, inang'aa kidogo, labda imechapwa vidoadoa au michoro, hilo wanaliita la tabaka mbili na nusu, jepesi, linakunjika likaingia mfukoni, lakini jasho na mafuta ya ngozi yako vinagusa plastiki moja kwa moja na msuguano wa begi unalila taratibu. Ukiona kitambaa chembamba cha kufuma kimebandikwa juu ya utando, huwezi kukitenganisha kwa vidole, hilo ni la tabaka tatu na kwa mtu anayetaka jaketi la kudumu huwa siendi mbali zaidi ya hapo. Yale ya tabaka mbili na nusu yana kazi yake, mfano unalibeba kwa dharura tu na unalivaa mara chache kwa mwaka, lakini kuvaa kila siku na begi mgongoni sikushauri.

Ukiwa bado umeligeuza, angalia mishono. Sindano ikipita inaacha tundu, kwa hiyo juu ya mshono inabandikwa tepu kwa joto. Pitisha kucha kwenye ukingo wa tepu, hasa kwapani na kwenye kofia pale mishono miwili inapokutana, kama ukingo unanyanyuka likiwa jipya basi halitafika mbali. Lebo ikisema mishono "muhimu" ndo imezibwa, maana yake mingine haijazibwa, na maji hayachagui mshono muhimu. Mi napenda pia jaketi lisilo na mshono juu kabisa ya bega, hapo mkanda wa begi unakaa na kusugua kila hatua, na tepu ninazobadilisha nyingi ni za hapo hapo.

Unene wa kitambaa cha nje unapimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Denia 20 ni kitambaa chepesi sana, mwiba mmoja tu unakimaliza. Kwa kazi za vichakani na miambani mi naanzia 40, na kama mabegani na kwenye viwiko wameweka 70 au 80 vizuri zaidi. Ila usidanganyike kwamba kitambaa kinene peke yake ndo uimara, nimeshafungua majaketi ambayo kwa nje ni kama turubai na kwa ndani utando umeshakuwa unga.

Zipu sasa, na hapa watu wengi hawanielewi mpaka siku ikiharibika. Zile zipu zilizopakwa plastiki zinapendeza na ni nyepesi lakini kile kiplastiki kinapasuka pale zipu inapokunjwa kila siku, na hata zikiwa mpya nyingi zinachelewesha tu maji. Mi naipenda zipu ya meno makubwa iliyofunikwa na kipande cha kitambaa chenye velkro au vifungo, haina mbwembwe ila inadumu na kichwa chake nakibadilisha kwa dakika chache. Angalia pia kama zipu imeshonwa au imegandishwa kwa gundi, iliyogandishwa ikifa inanichukua muda mrefu sana na mara nyingine nalazimika kumwambia mwenyewe haiwezekani. Na zipu za kwapani zitafute kama unatembea kwa nguvu, maana hakuna utando wowote unaoweza kutoa jasho la mtu anayepanda mlima kwa kasi, lazima hewa ipite.

Kuna jambo limebadilika na wengi hawajaambiwa. Ile dawa ya juu ya kitambaa kwa miaka mingi ilitokana na kemikali za PFAS, zilikuwa kali kweli, zinafukuza maji na mafuta pia, lakini hazioziki na zimesambaa mpaka kwenye damu za watu. Mojawapo, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, California ikaanza kuzizuia kwenye nguo nyingi kuanzia 2025 na Ufaransa kuanzia 2026. Mi nafurahi zinaondoka, hizi nguo nazishika kila siku kwa mikono yangu. Lakini dawa mpya zinafukuza maji vizuri ila mafuta haziyawezi kama zile za zamani, kwa hiyo jasho, losheni ya jua, moshi, vyote vinaganda haraka zaidi na jaketi linaanza kunywa maji mapema.

Maana yake lifue. Najua umeambiwa ukilifua utaliharibu, wateja wangu wengi wameambiwa hivo, na ndo hao majaketi yao yanabambuka shingoni na kifuani pale mafuta ya ngozi yamekaa miaka. Funga zipu zote, tumia sabuni ya maji isiyo na dawa ya kulainisha nguo, maji ya digrii 30 au kama lebo inavyosema, suuza mara mbili mpaka povu liishe kabisa. Likishakauka lipe joto kidogo kama lebo inaruhusu, dakika 20 kwenye mashine ya kukaushia, au pasi ya vuguvugu ukiwa umetanguliza kitambaa juu, joto linaiamsha ile dawa. Limwagie maji, yakijikunja na kuteleza umemaliza, yakizama ndo wakati wa kununua dawa ya kupaka upya. Usilikunje likiwa bichi ukalisahau kwenye begi, na dawa za mbu zenye DEET zipake na kunawa mikono kabla hujalishika, DEET inayeyusha baadhi ya plastiki.

Kama unanunua la mtumba, na mi nawashauri watu wengi tu wanunue la mtumba zuri kuliko jipya la ovyo, haya yote ya juu yafanye halafu ongeza mawili. Ingiza mkono ndani, ubonyeze na kuachia kwenye mabega na chini ya kofia, plastiki ikinata vidoleni au ikiacha unga, rudisha. Kisha weka pua kwenye kola na uvute hewa. Poliyurethani iliyooza kwa unyevu ina harufu ya uchachu, karibu na ya matapishi, na watu wanadhani ni uchafu wanafua tena na tena. Hiyo haitoki, ni plastiki yenyewe inavunjika, na hakuna fundi yeyote wa kuirudisha.