Usimamizi wa kitaalamu wa wanasihi si ukaguzi

Mwezi huu pekee nimelisikia neno usimamizi, au supavisheni kwa wapendao Kiingereza, likipotoshwa mara tatu, mara mbili mjini Arusha na mara moja Moshi, na kila mara msemaji alikuwa mtu wa afya. Mara ya mwisho ilikuwa katika kikao cha watoa huduma, ambapo mkuu wa kituo kimoja aliwatangazia vijana wake kwamba supavisheni ni Alhamisi, hivyo mafaili yapangwe, rejista zijazwe, na mwenye kesi iliyomshinda aiweke sawa kabla wageni hawajafika. Karibu nami alikuwa ameketi binti mmoja, mnasihi (mshauri nasaha) mwenye miezi saba kazini, akiyaandika maneno hayo katika daftari lake kwa mwandiko mzuri. Niliumia, kwa sababu kesi iliyomshinda ndiyo hasa ambayo usimamizi wa kitaalamu uliwekwa kwa ajili yake, na yeye alikuwa ameagizwa kuificha.

Maana yake si ngumu. Usimamizi wa kitaalamu ni utaratibu wa kudumu ambao mnasihi, hasa anayeanza kazi, hukutana na mwenzake mwenye uzoefu zaidi kwa saa iliyopangwa, wakaipitia kazi yake na wateja: alichosikia, alichosema, alichoogopa kusema. Lengo ni mteja apate huduma salama na mnasihi akue bila kuvunjika. Brigid Proctor wa Uingereza, katika miaka ya 1980, aliugawa katika kazi tatu, yaani kulinda viwango, kukuza stadi na kurudisha nguvu. Chama cha wanasihi cha huko, BACP, humtaka mwanachama anayeona wateja asimamiwe mara kwa mara, awe mgeni wa kazi au mkongwe, na kwa walioidhinishwa rasmi nacho kiwango cha chini ni saa moja na nusu kila mwezi. Hiyo yatosha kuwa maana. Linalonisumbua ni neno lenyewe, na yale tunayoyasikia ndani yake.

Usimamizi umetokana na kitenzi simama. Tukikiweka katika kauli ya kutendea tunapata simamia, yaani kusimama kwa ajili ya mtu au jambo, au kusimama penye jambo hilo. Ile z ya msimamizi si pambo. Ni alama ya sauti l iliyokuwamo zamani katika kiambishi cha kutendea na ambayo Kiswahili cha leo kimeiacha isitamkwe, kama ilivyo kwa angalia na mwangalizi. Kwa hiyo ukimwita mtu msimamizi, umesema kwamba yuko wima mahali fulani kwa sababu ya mwingine. Simika pia ni ndugu wa neno hili: tunasimika nguzo, tunasimika kiongozi. Katika ukoo wote huu wa maneno hakuna kutazama wala kuchungulia. Kuna miguu iliyo ardhini.

Neno la kigeni limekuja na picha nyingine. Supavisheni ina mizizi miwili ya Kilatini, super yenye maana ya juu na videre yenye maana ya kuona, hivyo mwenye kufanya supavisheni ni anayeona kutoka juu. Hata desturi yenyewe ilizaliwa ikiwa na jina la namna hiyo. Kliniki ya tiba ya nafsi iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, chini ya Max Eitingon, ndiyo iliyoweka utaratibu kwamba anayejifunza tiba awatibu wagonjwa huku akizipeleka kesi zake kwa mkubwa wake wa kazi, na Wajerumani waliuita Kontrollanalyse. Neno kontroli lina asili ya Kifaransa cha zamani, nalo lilitaja daftari la pili linalowekwa ili kulikagua la kwanza. Jambo jema lilipewa jina la mhasibu. Kiswahili kilipolitafsiri kwa usimamizi kililiboresha, na sisi wenyewe tunalirudisha nyuma.

Najua kwa nini tunalirudisha. Wengi wetu tulimwona msimamizi kwanza katika chumba cha mtihani, akipita kati ya madawati akitafuta karatasi iliyofichwa. Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa na mkonge walimjua mnyapara, ambaye naye alisimama, lakini alisimama juu ya mgongo wa mtu. Hata hivyo hatujakosa wasimamizi wa namna nyingine. Msimamizi wa mirathi huapa kuangalia mali kwa faida ya warithi, wala mali ile si yake. Msimamizi wa ndoa husimama kando ya bwana harusi au bibi harusi, humshikia anachoshindwa kushika, na ndoa ikiyumba miaka mitano baadaye ndiye wa kwanza kupigiwa simu. Sijapata kuona msimamizi wa ndoa anayekuja na orodha ya kuweka alama za vema.

Katika sekta ya afya tumezidisha mchanganyiko kwa kuwa tunalo pia jina la usimamizi shirikishi, ambalo ni ziara ya timu ya halmashauri au ya mkoa kituoni, ikiwa na orodha yake ya kuhakiki dawa, rejista, vifaa na takwimu. Ziara hiyo ni ya lazima, na mara nyingi hufanywa na watu wema wanaotoa ushauri mzuri. Lakini inahusu kituo, na kesi anayoishughulikia mnasihi inabaki ndani ya faili. Timu huondoka saa tisa alasiri bila mtu kumuuliza mnasihi kwa nini hakulala usiku wa kuamkia jana. Anayesema kwamba kituo chake kina usimamizi kwa sababu gari la halmashauri hufika kila robo mwaka amesema kweli kuhusu ziara, na amekosea kuhusu usimamizi wa kitaalamu.

Moshi isingepaswa kuhitaji kuambiwa haya. Palifanyika hapo, sambamba na Bungoma nchini Kenya, jaribio la tiba kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa wakazi wa kawaida waliopewa mafunzo, na kazi yao ilishikiliwa na mikutano ya kila wiki na wasimamizi wa hapo hapo, ambao nao walisimamiwa na wataalamu walio mbali. Mafunzo ya siku kadhaa darasani hayawezi kumbeba mtu anayesikiliza vifo vya wazazi wiki baada ya wiki. Kinachombeba ni kujua kwamba kuna siku katika wiki ambapo mtu mwingine atayasikia pamoja naye.

Nije sasa kwa wale wanaoumizwa zaidi na kosa hili. Hao ni wanasihi wachanga wanaotoka katika jamii zilizosukumwa pembezoni: vijana wa Kimaasai, Kihadzabe au Kibarabaig waliosoma na kuajiriwa mjini, wanasihi viziwi, wanasihi wenye ualbino. Kila mnasihi mchanga huficha kitu. Nicholas Ladany na wenzake waliwauliza wanafunzi 108 wa tiba huko Marekani, wakachapisha majibu mwaka 1996, na takribani 97 kati ya kila 100 walikiri kwamba kulikuwa na jambo ambalo hawakumwambia msimamizi wao. Ikiwa mwenye lugha na jina vya walio wengi anaficha, fikirieni yule ambaye tangu kidato cha kwanza amekuwa akijitahidi asionekane kuwa ndiye asiyejua.

Nilipata kumsimamia mnasihi mmoja mwanamke, Mmaasai wa upande wa Longido, na hapa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha. Kazini walimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa, kama wapita njia wanavyowaita akina mama wanaouza shanga, ilhali wenzake wa umri ule ule waliitwa dada au kwa majina yao. Alikuwa amepewa wateja wote wanaozungumza Kimaa, na kila alipotaka kuzungumzia ugumu alijibiwa, “Hao ni watu wako, unawajua.” Aliyemtangulia kumsimamia alisikiliza kinasa sauti cha kikao kimoja, ambacho mteja alikuwa ameridhia kinaswe, kisha akamwandikia kwamba amepoteza dakika kumi na mbili kuongelea ng'ombe na mvua.

Nilimwomba tuzisikilize tena zile dakika kumi na mbili, akinifasiria, na nikamuuliza, “Mama huyu alikuwa anakwambia nini?” Alinyamaza muda mrefu, kisha akanijibu, “Mama, ng'ombe wote aliowataja ni wa boma la kaka yake. Hakumtaja hata mmoja wa mume wake. Hapo nilijua kwamba ameondoka kwake.” Hilo halikuwa limeandikwa popote. Fomu haikuwa na nafasi yake, na baada ya kukemewa alikuwa ameamua kwamba alichokisikia si taaluma.

Nikamuuliza tena alivyompokea mteja yule. Akasema kwamba mteja ni mtu mzima wa ukoo wa mama yake, hivyo alipoingia yeye mwenyewe aliinamisha kichwa, na yule mama akamgusa utosini kama anavyoguswa mtoto. “Tangu hapo sikuwa mnasihi,” alisema, “nilikuwa mtoto wake, na mtoto hamuulizi mama yake kama anapigwa.” Saa iliyobaki tuliitumia yote kwa sentensi hiyo. Hatukutafuta jibu la kwamba angepaswa kukataa kuinama, kwa maana bila kuinama asingepata neno lolote. Tulitafuta namna ambayo mtoto mwenye adabu anaweza kumuuliza mama jambo zito, nani katika desturi anaruhusiwa kuuliza, na kama yeye angeweza kuliazima swali hilo kutoka kwa mtu huyo huku akibaki na wajibu wake wa kutunza siri mbele ya ukoo mzima unaojuana. Mimi sikuwa na majibu hayo. Alikuwa nayo yeye, vipande vipande, na kazi yangu ilikuwa kusimama hapo mpaka avikusanye.

Ndiyo maana kauli ya “ni watu wako, unawajua” inaniudhi kuliko hata ukaguzi. Inavaa mavazi ya heshima, na kwa kweli ni kumwacha mtu peke yake. Madonna Constantine na Derald Wing Sue walichapisha mwaka 2007 mahojiano na wanafunzi kumi Weusi wa tiba nchini Marekani waliosimamiwa na Wazungu, na miongoni mwa yaliyowaumiza, pamoja na dharau za wazi, ni msimamizi aliyesita kuwapa maoni kuhusu kazi yao kwa kuogopa kuonekana mbaguzi. Kwetu rangi si suala hilo, lakini ukimya ni ule ule. Namfahamu mnasihi kiziwi ambaye msimamizi wake alimaliza kila saa kwa kumsifu ujasiri wake, na kwa miezi sita hakupata kusahihishwa kosa hata moja. Kumsifu mtu kwa kuwapo hapo hakumfundishi kazi, na wateja wake walistahili mnasihi aliyefundishwa.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Wakisikia kwamba mnasihi ametoka katika jamii fulani, huigeuza saa ya usimamizi kuwa saa ya kumdodosa: je, alikeketwa, je, alikimbia ndoa, je, nyumbani wanamwonaje. Hayo, kama anayahitaji, ana haki ya kuyapeleka kwa mnasihi wake mwenyewe, mahali ambapo anayemsikiliza si mtu atakayejaza fomu ya tathmini yake mwishoni mwa mwaka. Katika usimamizi, maisha yake huingia pale tu yanapogusa kazi yake na mteja, na mlango huo ni wake kuufungua.

Sidai kwamba msimamizi lazima awe wa kabila moja na anayesimamiwa. Tungesubiri hivyo, wanasihi wa Kihadzabe wa bonde la Eyasi wangesubiri miaka mingi. Ninachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: katika kikao cha kwanza, wanapoandikiana makubaliano ya kazi, yule mwenye cheo aseme waziwazi ni mambo gani ya jamii ya mwenzake hayajui, nani atasoma anachokiandika, na tathmini itafanywaje. Asiyesema hayo mapema atakuwa msimamizi wa mtihani hata kama ana moyo wa msimamizi wa ndoa, kwa sababu kijana hana namna ya kuuona moyo.

Kwa mkuu wa kituo niliyemtaja mwanzoni, ambaye namheshimu na najua anavyohangaikia bajeti yake, ningependa kusema hivi: ndugu yangu, Alhamisi ni ukaguzi, na ukaguzi una heshima yake, basi uuite hivyo na mafaili yapangwe. Kisha mtafutie binti yule saa nyingine, Jumanne au siku yoyote, na mtu mmoja wa kukaa naye mlango ukiwa umefungwa. Na ile kesi iliyomshinda, mwambie asiiweke sawa. Aende nayo ilivyo.