Kuungua kwa mtoto mdogo: maana yake na jinsi ya kumkinga

Kuungua ni kuharibika kwa ngozi, na pengine nyama iliyo chini yake, kutokana na joto, umeme au kemikali kali. Mtu akisikia neno hilo huwaza moto unaowaka, lakini mtoto anayeanza kutambaa au kutembea mara nyingi huunguzwa na chai, uji, mchuzi, au maji ya kuoga yaliyoachwa kwenye beseni.

Ubaya wa jeraha hutegemea kwanza joto na muda. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima hadi ndani kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo huwahi zaidi. Uji ni hatari kuliko maji kwa kuwa hunata mwilini na kuendelea kuunguza. Nguo iliyoloa nayo hushika joto. Mvue haraka, isipokuwa pale ilipogandamana na ngozi.

Kisha kuna ukubwa wa sehemu iliyoungua. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Kikombe kimoja cha chai kikimmwagikia kinaweza kuenea kifua na tumbo. Jeraha likifika asilimia 10, mwili hupoteza maji mengi na huenda akahitaji dripu. Lakini usingoje lifike huko: akiungua uso, viganja, nyayo, maungio kama goti na kiwiko, au sehemu za siri, apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo.

Kabla ya kuondoka, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20, ya bomba au ya kata na ndoo, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipate baridi. Hata ukichelewa, ndani ya muda wa saa tatu bado yanasaidia. Barafu hapana. Dawa ya meno, ute wa yai, unga na mafuta hupakwa kwa nia njema, lakini haviponyi, vinaweza kuingiza vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvisugua juu ya kidonda kibichi.

Kuhusu kinga, tumezoea kumwambia mama "mwangalie mtoto", kisha tukamwachia peke yake jiko, nguo na watoto watatu. Naona hilo si haki. Kinachosaidia zaidi ni kizuizi: mafiga au jiko la mkaa kuinuliwa juu ya jukwaa la udongo, au kuzungushiwa uzio wa mbao mtoto asiufikie moto. Mpini wa sufuria uelekee ukutani. Chupa ya chai isikae mkekani, wala juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia. Mwenye kikombe cha moto asimpakate mtoto. Beseni la kuogea litiwe maji baridi kwanza, ya moto yafuate, na kiwiko cha mtu mzima kiyapime kabla mtoto hajaingizwa.