Picha ya joto ya jengo: kabla hujaiamini, uliza ilipigwa lini

Wenye maofisi, maduka makubwa na maghala huletewa picha za majengo yao zenye mabaka mekundu na ya buluu, wakaambiwa kwamba palipo pekundu ndipo fedha ya nishati inapovujia. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine wekundu ule ni jua la mchana lililobaki ukutani, au ni jengo la jirani linalojitazama kwenye kioo. Anayelipia ukaguzi wa namna hii ana haki ya kujua adai nini.

Kamera ya joto haipimi hasara. Inapokea mionzi ya infraredi itokayo kwenye uso wa kitu, ile ile ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800, alipoweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mwanga uliopita kwenye prizimu na kuona joto likipanda mahali ambapo jicho halioni chochote. Kamera za majengo hunasa mawimbi ya takriban mikromita 8 hadi 14, na zilizo nzuri hutambua tofauti iliyo chini ya sehemu ya kumi ya nyuzi moja ya Selsiasi. Rangi hupakwa baadaye na programu. Ukiubana mpaka wa rangi, yaani nyuzi za chini na za juu zinazogawiwa rangi, tofauti ya nusu nyuzi itang'aa kama moto. Ukiupanua, kasoro kubwa itafifia. Ndiyo maana picha isiyo na kipimo cha nyuzi pembeni mwake mimi siipokei kama ushahidi.

Joto lisipokuwa na sababu ya kuhama, hakuna cha kuona. Kwa kawaida wakaguzi hutaka ndani na nje vitofautiane kwa angalau nyuzi 10, na hali hiyo iwe imedumu kwa saa kadhaa. Upepo uwe mdogo, kuta ziwe kavu. Saa bora ni kabla ya alfajiri, kwa sababu ukuta mnene wa matofali au zege huendelea kutoa joto la jua muda mrefu baada ya machweo. Picha za nje zilizopigwa saa sita mchana, kuta zikiwa juani, zinaeleza habari za jua.

Kuna pia mtego wa vifaa vyenyewe. Zege, matofali na kuta zilizopakwa rangi hutoa asilimia 90 hivi ya mionzi inayowezekana kwa joto lake, kwa hiyo husomeka vizuri. Alumini iliyong'arishwa hutoa chini ya asilimia 10. Kinachoonekana juu yake ni mambo ya mbali yaliyoakisiwa. Paa la bati lisilopakwa rangi huonekana baridi kupita kiasi usiku usio na mawingu, maana linaakisi anga. Kioo nacho hakipitishi mionzi hii. Basi jengo lililovikwa vioo na fremu za alumini, umbo linalopendwa sana na wafanyabiashara, ndilo gumu zaidi kukagua, na linataka mtu anayejua asimame wapi.

Umbo la baka husema mengi kuliko rangi yake. Kihami joto, yaani tabaka linalozuia joto lisipite, kikikosekana, baka huwa na kingo zilizonyooka zinazofuata nguzo za ndani ya ukuta. Mstari ulionyooka usawa wa kila sakafu ni zege inayopenya hadi nje, ile tunayoiita daraja la joto. Hewa inayovuja huchora kitu kama unyoya, chenye ncha zisizo sawa. Lakini katika jengo refu linalopashwa joto, hewa ya moto hupanda na kutokea juu, huku ya baridi ikivutwa chini. Uvujaji wa ghorofa za juu huonekana ukiwa nje, na wa chini ukiwa ndani. Mkaguzi aliyezunguka nje tu ameacha nusu ya jengo. Feni zikiwekwa milangoni zitoe hewa hadi shinikizo la ndani lipungue kwa paskali 50, au mitambo ya jengo ikitumiwa kwa kazi hiyo, mabaka ya uvujaji yanakua ukiyatazama kutoka ndani, na ya kihami hubaki yalivyo kwa kiasi kikubwa. Hapo ubishi unakwisha.

Paa bapa ndilo linalonipa hamasa zaidi. Kihami kilicholowa hutunza joto la mchana kuliko kikavu, kwa kuwa maji hupoa polepole. Saa chache baada ya machweo, sehemu zilizolowa hubaki na joto huku nyingine zikipoa, na eneo la tatizo linaweza kuwekewa alama kwa chokaa bila kuvunja kitu. Lazima kisha litobolewe mahali pachache kuthibitisha. Paa lililofunikwa kokoto huficha alama hizi.

Majengo yanayopozwa kwa viyoyozi hukaguliwa kwa njia hizo hizo, ila mwelekeo wa joto unageuka, na hewa yenye unyevu inayoingia ufani huweza kuacha maji na kuvu ndani ya ukuta.

Ukipata ripoti, anza kuziba hewa, kisha ndipo uongeze kihami. Kihami kilicholowa kiondolewe, kisifunikwe na tabaka jipya. Na usimlipe fundi malipo ya mwisho hadi picha zipigwe tena kutoka pale pale, kwa mpaka ule ule wa rangi na tofauti ya nyuzi inayokaribiana na ya awali.