Muda wa Cassandra ukiisha, nani amechoka kungoja?

Makosa ya muda kwisha yakianza kumiminika, timu nyingi hukimbilia kuongeza sekunde. Mimi huuliza kwanza: aliyechoka kungoja ni seva au programu?

Kwenye Cassandra, hifadhidata inayosambaza data kwenye seva nyingi (nodi), nodi inayoratibu ombi hungoja usomaji milisekunde 5,000 na uandishi 2,000, kama hujabadilisha kitu. Draiva ya Java toleo la 4, maktaba ambayo programu hutumia kuzungumza na seva, huondoka baada ya sekunde 2. Basi kwenye usomaji draiva hukata simu kabla seva haijasema neno, na neno hilo ndilo lenye habari: majibu mangapi yalitakiwa, mangapi yalipatikana, kwa kiwango gani cha uthabiti, yaani kanuni ya nakala ngapi za data lazima zijibu. Kwa hiyo wakati wa uchunguzi naipa draiva muda unaozidi kidogo ule wa seva, kisha nasoma.

Likija kosa la Unavailable, muda hauhusiki kabisa. Mratibu ameona nodi hai hazitoshi, akakataa papo hapo.

Yakitakiwa majibu 4 yakapatikana 3, natazama ramani. Tuseme nakala 3 ziko kituo cha data cha Frankfurt na 3 cha Virginia. Kiwango cha QUORUM, yaani zaidi ya nusu, huhesabu zote 6 na kudai 4, hivyo kila ombi lazima livuke Atlantiki. LOCAL_QUORUM hudai 2 tu za kituo kilekile. Gharama ipo: kilichoandikwa Frankfurt sasa hivi huenda kisionekane bado Virginia. Kwa huduma nyingi nilizoziona, hilo linavumilika. Kwa salio la fedha, sithubutu.

WriteTimeout, kosa la muda wa uandishi kwisha, ina hila yake, maana haisemi kwamba data haikuandikwa. Pengine nakala moja imeshaipokea na nyingine zitaipata baadaye. Amri ya kuweka anwani mpya irudie bila hofu. Ya kuongeza moja kwenye kaunta usiirudie, huenda ukahesabu mara mbili.

Kama muda unaisha kwenye patisheni ileile (kundi la safu zinazohifadhiwa pamoja) kila siku, washa TRACING ON, ufuatiliaji wa hatua za ombi, ndani ya cqlsh, dirisha la amri la Cassandra, uhesabu alama za kufutwa (tombstone), zinazobaki mahali pa data iliyofutwa. Cassandra huonya zikizidi 1,000 katika usomaji mmoja, na zikipita 100,000 hukatisha ombi. Mara nyingi nakuta jedwali limegeuzwa foleni: andika, soma, futa. Alama hizo hubaki angalau siku 10 kwa mpangilio wa kawaida, na hakuna kiwango cha uthabiti kitakachoziondoa. Hiyo foleni ihamishiwe Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe.