Msimbazi Huanzia Pugu

Kila masika Jangwani ikijaa maji, watu wa Dar es Salaam huulizana habari za mitaro na madaraja. Wana haki, maana mji umejaa bati na saruji, na maji hayana pa kuzama. Mimi ni mtu wa misitu, kwa hiyo macho yangu huenda juu zaidi, kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe. Mto Msimbazi, ule unaopita bonde la Jangwani, unatoka huko.

Vilima vyenyewe si virefu. Sehemu za juu hukaribia mita 300 tu kutoka usawa wa bahari. Ajabu yake iko chini ya miguu. Mwamba wa Pugu ni mchanga ulioshikana na udongo mweupe wa kaolini, ule unaotengenezewa vyombo vya kauri na kutumika kwenye karatasi. Mahandaki yaliyochimbwa zamani kuutafuta bado yapo, na wenyeji wake sasa ni popo.

Ingia penye msitu mzito, piga goti, fukua kwa mkono. Utakuta majani makavu, kisha mboji nyeusi iliyojaa nyuzi za mizizi, na vidole vinazama bila shida. Mvua ikinyesha hapo, matone huvunjikia kwenye matawi, maji hushuka taratibu, huzama, na huendelea kutokeza bondeni hata mvua zikishakatika. Sasa sogea hadi kwenye tanuri la mkaa lililoachwa, miti imeisha. Mvua inapiga udongo mtupu, chembe laini za kaolini zinaziba vitundu vya mchanga, na jua likiwaka linabaki gamba gumu kama sakafu. Mvua inayofuata haizami tena. Inateremka mbio na mchanga wake. Nimeligonga gamba hilo kwa kisigino mara nyingi, na kila mara roho inaniuma.

Msitu huu, pamoja na jirani yake Kazimzumbwi, una mkazi mmoja ambaye hana pengi pa kuhamia: komba wa Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, mkia wake umetimka kama brashi ya kuoshea chupa, na alitambuliwa kisayansi kuwa spishi ya pekee mwaka 1996 tu. Anajulikana katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, basi. Usiku tunamtafuta kwa masikio kuliko kwa tochi, kwa sababu komba wadogo wanafanana mno, ila kila spishi ina mlio wake.

Mvua kubwa ikipita, huwa nashuka kuangalia vijito viwili. Cha bonde lenye miti hupitisha maji ya rangi ya chai, na mawe ya chini unayaona. Cha bonde lililokatwa ni cheupe kama maziwa, na vyote viwili vinateremka kuelekea mjini.