Tembe tupu na dawa: dhana potofu na ukweli

Homa ya malaria hupanda na kushuka yenyewe. Mtu wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, akimeza kitu chochote homa ikiwa kileleni, hata tembe ya unga mtupu, baada ya saa chache huenda akatokwa jasho na kusema dawa imeshika. Hapo ndipo huzaliwa nyingi ya dhana kuhusu plasebo, yaani tembe inayofanana na dawa lakini isiyo na dawa ndani.

"Ukiamini kwa moyo wote, tembe tupu huponya kama dawa."

Imani hubadilisha unavyojisikia. Haiui vijidudu vya malaria wala haipanui njia za hewa. Utafiti wa pumu uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011 ulilionyesha hili wazi. Wagonjwa walewale walipewa kwa zamu inhela ya salbutamoli (dawa inayopanua njia za hewa), inhela tupu na akupancha ya uongo, yaani tiba ya kuchoma sindano iliyoigizwa tu, na siku nyingine hawakupewa kitu. Walipoulizwa wamepata nafuu kiasi gani, walitaja 50% kwa dawa, 45% kwa inhela tupu na 21% kwa siku zisizo na tiba. Lakini walipopuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, pumzi ilikuwa imeongezeka kwa 20% kwa salbutamoli, na takriban 7% tu kwa inhela tupu, sawa na siku ambazo hawakupewa chochote. Tofauti hiyo inatisha: mwenye pumu anaweza kuhisi ametulia na kubaki nyumbani huku kifua chake bado kimebana.

Kwa malaria, jambo ni lilelile: kujisikia nafuu si kupona. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi humeza tembe 24 za AL, dawa ya malaria yenye artemeta na lumefantrini: 4 baada ya kupimwa, 4 saa 8 baadaye, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Azimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama chai ya maziwa au samaki wa kukaanga, kwa sababu lumefantrini hunyonywa vibaya tumbo likiwa tupu. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Wengi huacha siku ya pili kwa kuwa mwili umepata nguvu, na tembe zilizobaki wanamwekea mtoto. Vijidudu vilivyosalia huzaana tena, na homa hurudi.

"Plasebo ni dawa feki."

Feki ni ulaghai: pakiti inataja dawa ambayo haimo. Plasebo hutengenezwa kwa ajili ya utafiti, na mshiriki huelezwa kabla ya kutia sahihi kwamba huenda akaipata. Tena si kila utafiti huitumia. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa Kombewa na Siaya, magharibi mwa Kenya, watoto wa kundi la kulinganisha walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na wachanga zaidi dhidi ya homa ya uti wa mgongo, ili nao wapate faida.

"Aliyetulizwa na tembe tupu alikuwa anajifanya mgonjwa."

Hapana, na kusema hivyo ni kumdhulumu mgonjwa. Mwaka 1978, watafiti wa Marekani waliwapa watu waliong'olewa magego plasebo, kisha naloksoni, dawa inayozuia kazi ya morfini, kituliza maumivu kikali. Waliokuwa wametulizwa na plasebo maumivu yaliwazidi tena. Maana yake ni kwamba ubongo ulikuwa umetoa kituliza maumivu chake wenyewe, kinachofanya kazi kama morfini.

"Sindano ina nguvu kuliko tembe."

Inaaminiwa zaidi, basi. Kwa malaria isiyo kali, AL ya kumeza inatosha. Sindano ya artesuneti ni ya malaria kali.

"Dawa halisi hufanya kazi kwa sababu ni halisi."

Inafanya kazi ikiingia mwilini. Bondo, nchini Kenya, ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa tembe za kuzuia VVU uliohusisha zaidi ya wanawake 2,000 barani Afrika. Ulisimamishwa mwaka 2011. Kwa hesabu ya mwisho, wanawake 33 waliopewa dawa walikuwa wameambukizwa, na 35 waliopewa plasebo. Wengi walisema wanameza kila siku, lakini kati ya waliopimwa damu, dawa ilipatikana kwa chini ya 40%.

Mwaka huohuo yalianza kutoka matokeo ya utafiti mwingine wa wanandoa ambao mmoja wao ana VVU, uliofanyika Kenya na Uganda, Kisumu ikiwemo. Humo wengi walimeza tembe zao. Kwa hesabu ya mwisho, katika makundi 3 yaliyokaribiana kwa ukubwa, la plasebo lilikuwa na maambukizi 52, la dawa ya VVU iitwayo tenofoviri 17, na la tenofoviri pamoja na dawa nyingine, emitrisitabini, 13. Plasebo ilisimamishwa, na waliokuwa wakiimeza wakapewa dawa.