Kabla ya kuchora wasifu wa mhalifu, jifunze kusoma jalada

Wanafunzi wa saikolojia wanaonifuata baada ya kipindi huniuliza wasome nini ili wawe wale watu wanaotazama eneo la mauaji na kueleza muuaji ni mtu wa namna gani, yaani kuchora wasifu wake. Huwaambia kwanza kwamba hata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, haina cheo hicho. Wanaofanya kazi hiyo huko Marekani waliingia kama wapelelezi wa kawaida, wakahangaika na kesi miaka kadhaa, ndipo wakaomba kuhamia kitengo cha uchambuzi wa tabia. Na wote ni raia wa Marekani, kwa hiyo mlango huo wengi wetu hautuhusu.

Kazi yenyewe naieleza kwa kesi ya London ya miaka ya 1980. Wanawake wengi walikuwa wamebakwa, baadaye watatu wakauawa, na matukio mengi yalitokea karibu na reli. David Canter, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Surrey ambaye hakuwa polisi, alichora matukio ya kila mwaka kwenye karatasi yake angavu, kisha akazipanga juu ya ramani. Yale ya 1982 yalikuwa yamekaribiana. Ya miaka iliyofuata yakasambaa mbali. Canter akasema mtu huyu anaishi pale yalipoanzia, kwa sababu mhalifu anayeanza hutembea mitaa anayoijua, na akishazoea ndipo huenda mbali. Polisi walikuwa na orodha ya washukiwa karibu 2,000. John Duffy, seremala aliyewahi kufanya kazi shirika la reli na mkazi wa Kilburn, alikuwemo, lakini mbali chini. Alikamatwa Novemba 1986, akahukumiwa 1988.

Canter hakumtaja Duffy. Alichofanya ni kuwaambia wapelelezi waanze kutafuta wapi. Kumtia mtu hatiani ni kazi ya ushahidi, na anayesahau hilo huumiza watu. Mwaka 1992 mwanamke aitwaye Rachel Nickell aliuawa Wimbledon Common, eneo la wazi la kupumzikia London, mbele ya mtoto wake mdogo. Polisi wakaona mwanamume mmoja, Colin Stagg, anafanana na wasifu waliopewa na mwanasaikolojia mwingine, wakamtuma askari wa kike ajifanye mpenzi wake kwa miezi ili akiri. Hakukiri. Jaji aliukataa ushahidi huo mwaka 1994. Muuaji, Robert Napper, alitiwa hatiani 2008, na huku nyuma, mwaka 1993, alikuwa ameua mama mwingine pamoja na binti yake. Kesi hii inaniuma kila ninapoifundisha, na siachi kuifundisha.

Kwa kijana wa Dar es Salaam au Nairobi, mfano wa karibu ni Afrika Kusini. Polisi wa huko walianzisha kitengo cha saikolojia ya uchunguzi miaka ya 1990, mwanasaikolojia Micki Pistorius akiwa wa kwanza kukiongoza. Nguvu yao kubwa ni kuunganisha kesi: kuonyesha kwamba mauaji yaliyofunguliwa majalada tofauti ni ya mkono mmoja. Uchambuzi wa aina hiyo ulitumika mahakamani kama ushahidi dhidi ya muuaji wa mfululizo wa Newcastle, mji wa huko huko Afrika Kusini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mtaalamu wa kwetu angefaa zaidi.

Basi soma saikolojia, usikimbie takwimu, jifunze sheria ya ushahidi. Kisha tafuta kazi inayokukutanisha na wahalifu na makosa yao: upelelezi, magereza, au uangalizi wa wafungwa wa nje. Shahada ya uzamili ije baada ya hapo.

Na zoea kusoma majalada, polepole. Aliyekuja na kamba mfukoni si sawa na aliyetumia khanga ya marehemu aliyoikuta pale pale. Wa kwanza alijipanga tangu nyumbani. Nauliza pia mhalifu alisema nini kabla, wakati na baada ya tukio. Hapo ndipo nakwama mara nyingi, maana maelezo ya shahidi huandikwa na askari kwa lugha ya kituoni. Mwanamke anasimulia kwamba mtu yule alimwambia, "Pole dada, usilie, nitakusindikiza barabarani." Kwenye karatasi nakuta: "Mtuhumiwa alimtishia mlalamikaji kisha akatokomea." Sentensi ile ya kwanza ingeniwezesha kumtambua akirudia kosa wilaya nyingine. Kama wewe ni askari na unasoma hapa, nakuomba uandike maneno kama yalivyosemwa, hata yakiwa ya aibu, hata yakiwa ya kilugha.